Ncha Butu za Dresa

Hakuwa mtu wa kuangalia mshale kwa macho. Aliusogeza karibu na pua kama mama anayenusa samaki sokoni, akafumba macho, kisha akapitisha kidole gumba juu ya ncha, kwenda na kurudi, bila haraka. Kidole hicho hakikuwa na kucha. Siku moja alisema kucha ililiwa na dawa ya kuoshea vidonda, siku nyingine alisema ilibanwa na mlango wa lori, na mara moja alidai kwamba alizaliwa hivyo. Akimaliza kupapasa alitoa hukumu, "Hii iko sawa," au "Hii iko mbaya," na hapakuwa na pa kukata rufaa.

Tulimwita Dresa kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya, kufunga vidonda katika zahanati ndogo ya huku Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua. Wagonjwa walimwita Dakitari naye hakujisumbua kuwasahihisha. Mimi ni fundi wa baiskeli, na kibanda changu kilitazamana na lango la zahanati, kwa hiyo nilimwona kila siku kwa miaka mingi na ninaweza kumsema bila kuomba ruhusa. Alikuwa Mkakwa wa Koboko, Mwislamu, na kabla ya serikali kuanguka mwaka wa sabini na tisa aliwafunga vidonda askari kambini. Mimi ni Mlugbara na Mkatoliki. Lugha yetu aliijua ya kuombea maji tu, na Kikakwa changu ni aibu tupu, basi tulielewana kwa Kiswahili, chake cha kambini na changu cha sokoni.

Mchezo wake ulikuwa kupiga visiki kwa mishale. Tuliporudi kutoka Kongo, tulikokimbilia wakati wa vita, tulikuta miti mingi imekatwa, mingine kwa kuni za askari, mingine kwa makaa. Visiki vilijaa kila mahali, kuanzia Manibe hadi kule Aroi. Wengine walilia. Dresa alitembea siku nzima akivihesabu, akarudi na kusema Mungu amemjengea uwanja.

Tulikwenda Jumapili mchana. Yeye alisali Ijumaa, lakini alitusubiri sisi tutoke kanisani, amesimama langoni kwake na upinde begani, akinung'unika kwamba padri wetu anapenda maneno. Tulikuwa wanne au watano, hatukuzidi. Tulitoka kisiki hadi kisiki, kila mtu akipiga mshale mmoja, na aliyekaribia katikati ndiye aliyechagua kisiki kinachofuata. Hapakuwa na zawadi. Alasiri ilipofika Dresa alilaza upinde wake chini, akatandika koti, akasali kando ya kisiki chochote tulichokuwa tumefikia, na sisi tulikaa tukimngoja tukitafuna karanga.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi hawaliamini. Hakuwa na shabaha. Miaka yote ile, huenda aligusa kisiki mara moja katika tano, na kisiki chenyewe kiwe kipana. Alipokosa alicheka mpaka akashika magoti. Alichokijua yeye, na hakuna mtu mwingine niliyepata kumwona akikijua hivyo, ni ncha.

Wengi hudhani ncha ni ncha, chuma kikali basi. Dresa alikuwa na gunia dogo la ncha za aina aina, na mbele ya kila kisiki alisimama kwanza, akakigonga kwa fimbo kama anavyogonga kifua cha mgonjwa, ndipo akaamua. Kisiki kigumu, kibichi, kilipewa ncha ya mti uliokaushwa motoni, butu kama ngumi ya mtoto, kwa sababu chuma kingenasa na kuvunja mwanzi wa mshale wakati wa kuchomoa. Kisiki kilichooza kilipewa ganda la risasi. Kisiki cha mgomba hakupiga kabisa, alisema utomvu wake unaharibu nguo na mke wake ana mdomo. Kichuguu ndio hata kukikaribia hakutaka.

Maganda ya risasi aliyaokota mwenyewe. Barabara ilikuwa imejaa, watoto wanayapigia filimbi, na yeye akiinama kila hatua kumi kama kuku. Ganda fupi alilichomeka kwenye kijiti, kijiti kikaingia kwenye tundu la mwanzi na kushikwa na nta, kitako cha ganda kikatangulia mbele. Ganda refu alilikataa kwa kuwa ni zito na mshale unaangusha kichwa. Kila ganda alilipuliza mdomoni kwanza na kusikiliza sauti, kama lina ufa. Kisha alilichemsha. Naam, alilichemsha ndani ya sufuria ile ile ya kuchemshia sindano, vikichanganyikana humo, mpaka nesi wa zahanati akatishia kumshtaki wilayani.

"Wewe nafikiri hii ilitoka wapi?" alimwambia nesi. "Kila moja ilitoka kwa bunduki ya mutu, risasi yake ikaenda kwa mwili ya mutu. Lazima tuoshe."

 Kuanzia siku hiyo nesi alimtengea sufuria yake.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kwa ajili ya spoki. Majani yakiwa marefu, mshale ukikosa kisiki huingia chini yake kama nyoka, utautafuta mpaka giza. Dresa alikuja kibandani kwangu akaomba spoki zilizovunjika. Alizikata, akazifunga msalaba nyuma ya ganda, ncha zake zimepinda mbele. Mshale ukikosa, spoki zinadaka majani na mshale unasimama wima, unakungoja. Nilipouona mara ya kwanza nilipiga makofi kwa furaha. Tangu hapo kila spoki mbovu ya Manibe ilikuwa yake, na nilipata mwaliko wa Jumapili.

Usidhani alikuwa malaika. Kwa maganda yake alikuwa mkono wa birika kweli kweli. Dawa aligawa hadi kabati likawa tupu, hata panadoli za nyumbani kwake, lakini ukipoteza ganda moja la risasi atakurudisha kwenye majani ulitafute huku amesimama na mikono kiunoni. Alidanganya bila kupepesa macho, hasa kuhusu umbali. Na mtu huyu aliyekata nyama za watu kwa wembe tangu ujana hakuweza kuchinja kuku. Alimwita jirani, akaingia ndani, akaziba masikio.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vitenge, Mkongomani kutoka Ariwara, aliyependa kutembea nasi lakini alidharau ncha butu. Alileta mishale ya chuma, mizuri, yenye miiba miwili inayorudi nyuma. Dresa aliishika mmoja mmoja, akaipapasa, akamrudishia.

"Weka ndani ya nyumba."

"Mzee, mushale bila meno ni fimbo tu!" alisema Mkongomani. "Batu batanicheka."

"Kisiki imekufa zamani. Wewe nataka kuua mara ya pili?"

Tulicheka wote, na Mkongomani akacheka pia, akaazima ganda. Mimi nilidhani ni utani. Sikuwa bado nimeona kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lenye kutu, juu ya kabati la zahanati. Siku moja nilikwenda kufungwa mkono nilioukata kwa mnyororo, nikamwuliza kuna nini ndani. Alilishusha, akamimina mezani. Ncha za mishale, za chuma, zaidi ya nilivyoweza kutazama. Nyingine zimenyooka, nyingi zina miiba. Zote alizitoa kwenye miili ya watu, kambini zamani na hapa kwetu baada ya vita, watu walipokuwa wakigombania mashamba na ng'ombe. Alizishika moja moja kwa kidole kile na kuniambia: hii ilikuwa paja, huyu iko, analima. Hii ilikuwa shingo. Hii tumbo. Kwa ile ya tumbo hakusema kama mtu yuko.

"Hii ya miiba hapana kuvuta," aliniambia. "Ukivuta, inakuja na nyama. Lazima usukume iende mbele, itoke upande ya pili. Mutu nalia, wewe nasukuma. Unajua namna gani mutu nalia?"

Nilisema sijui. Alirudisha ncha kwenye kopo akanifunga mkono, akaukaza kuliko ilivyohitajika.

Nimejaribu kukwepa sehemu inayofuata, lakini bila hiyo humjui mtu huyu, unajua vichekesho vyake tu.

Mimi na Drani ni watoto wa ndugu wawili, baba yake ni baba mdogo kwangu. Kwetu huyo haitwi binamu, ni ndugu yako. Mashamba yetu yanapakana, na mpaka ulikuwa mkwaju mmoja. Tuliporudi kutoka Kongo tulikuta mikwaju miwili imekatwa, kuna visiki viwili, hatua thelathini kutoka kimoja hadi kingine. Mimi nilisema mpaka ni hiki, Drani akasema ni kile. Wazee waliokuwa na uhakika walikuwa wamefia ukimbizini. Kipande cha katikati ni kidogo, hakijazi ghala. Lakini humo ndimo alimozikwa mama yangu, mwaka mmoja kabla hatujakimbia, na mawe ya kaburi yalikuwa yamezama au yameibwa, hayaonekani. Nilijua ni hapo karibu. Drani alisema kaburi liko upande wangu kabisa, nisimtafutie sababu.

Tulizozana misimu miwili. Kisha Jumamosi moja mke wangu akaniambia Drani amelima kipande chote na kupanda muhogo. Nilikwenda nikaona matuta yamepita mahali pale, moja baada ya jingine, yamenyooka vizuri. Nilisimama hapo nikahisi jembe lile limepita juu yangu. Sitasema nililia, ingawa nililia.

Watu wa ukoo mmoja kwetu wakigombana hupigana ngumi, au fimbo. Mshale wa chuma haunyooshwi kwa ndugu. Mimi nililijua hilo tangu sijaota meno. Na bado nilipanda kwenye paa la nyumba ya marehemu baba, nikatoa kwenye nyasi ncha moja ya miiba aliyoificha huko, nikaisugua kwa jiwe, nikaifunga kwa nta kwenye mmoja wa mishale yangu. Kitako cha mshale huo nilikifunga ukanda wa tyubu nyekundu ili nikiutafuta podoni, ambamo mishale husimama vichwa chini, mkono uujue bila macho.

Jumapili nilikwenda kwa Dresa kama kawaida. Kabla ya kuondoka ilikuwa desturi kila mtu kulaza mishale yake chini aipapase. Nililaza saba. Wa nane niliuacha ndani ya podo, nikaliweka podo nyuma ya miguu yangu. Alipapasa saba, akasema iko sawa, akakaa kidogo amefumba macho. Alijua ugomvi wetu, nani hakuujua?

"Fundi, ingia ndani. Leta maji ya mtungi. Mimi nasikia kiu mbaya."

Niliingia. Kikombe hakikuwa mahali pake, nikakitafuta. Niliporudi podo langu lilikuwa pale pale, mishale imerudishwa, ukanda mwekundu unachungulia, na Dresa anafuta mikono kwenye koti. Alikunywa maji yote bila kupumua. Nilishukuru moyoni kwamba macho ya mzee yamechoka.

Njia yetu ilipita karibu na shamba langu. Niliwaambia watangulie, nina haja. Drani alikuwa katikati ya matuta, peke yake, anang'oa magugu.

"Ndugu yangu, toka hapo," nilimwambia.

"Nitoke kwa shamba ya baba yangu?"

"Umelima juu ya mama."

"Mama yako hayuko hapa! Nilichimba mimi, sikuona kitu. Wewe unatafuta maneno."

Alisema alichimba. Najua alitaka kusema jembe, kilimo tu, lakini nilisikia amechimba kaburi. Mkono ulienda nyuma wenyewe, ukapata tyubu, na upote ulikuwa umeshavutwa kabla sijafikiri. Sikuangalia ncha. Nilimwangalia yeye. Hatua ishirini, na mimi, tofauti na Dresa, sikuwa nikikosa.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ko, kama mtu aliyegonga mlango. Drani alikaa chini. Mshale ulilala juu ya tuta, na mbele yake jua liliwaka kwenye kitako cha ganda la risasi.

Tuliliangalia wote wawili.  Nilimwendea nikitambaa. Alikuwa anapumua kwa shida, mkono ubavuni, na hapakuwa na damu. Nilimpandisha kwenye baiskeli yangu nikaikokota hadi zahanati, naye ameinama juu ya usukani.

Mtu aliwaita wale waliotangulia. Dresa alifika akihema, akanawa, akamvua Drani shati. Palikuwa na alama ya duara, nyekundu, ndogo, chini ya chuchu ya kushoto. Aliipapasa kwa kidole gumba, kwenda na kurudi.

"Ubavu moja iko na ufa. Nani alipiga wewe?"

Drani alinitazama. Nilikuwa tayari kusema, nilishafungua mdomo.

"Nimeanguka na baiskeli," alisema Drani.

"Aa," alisema Dresa, akiukunjua mkanda wa bandeji. "Baiskeli ya fundi iko mbaya siku hizi."

Hakunitazama hata mara moja. Jumapili iliyofuata alinisubiri langoni, akapapasa mishale yangu, akasema iko sawa.

Ubavu ulipopona Drani alinijia mwenyewe na jembe. Tulichimba pamoja kwa mikono zaidi kuliko kwa jembe, na siku ya tatu tukapata mawe, yamezama, ndani ya kipande kile, hatua nne kutoka kwenye kisiki nilichokidai mimi. Aling'oa muhogo wake wote, akapanda maua yale ya njano ambayo mama aliyapenda. Wazee walikuja, mbuzi alichinjwa, mpaka ukakubaliwa. Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Ukweli ulivuja kwamba haikuwa baiskeli, na Drani alisimama mbele ya watu akasema, "Ndugu yangu alikuwa na haki ya kuniua. Lakini alichagua ncha butu. Alinihurumia." Watu walinishika mkono. Mke wangu alinitazama kama siku ya harusi. Mwanawe wa kwanza baada ya hapo Drani alimpa jina langu.

Sikusema kitu. Miaka yote niliitwa mtu wa huruma nikaitikia. Kila mtoto yule alipokuja kibandani kutaka upepo wa baiskeli yake, na akiitwa jina lile, nilihisi kitu kinaniingia na hakitoki. Kwa Dresa pia sikusema. Tulitembea visiki vyote vya Manibe, nikampa spoki, akanipa maganda, na neno hilo lilikuwa katikati yetu kama mtu wa sita.

Baadaye macho yake yaliisha kabisa, zahanati ikamstaafisha, naye akarudi Koboko kwa binti yake, mshonaji. Tulimsindikiza hadi kwenye pikapu. Alikuwa amebeba gunia lake la ncha na lile kopo, hakutaka mtu amshikie.

Nilikaa miaka mitatu au minne. Kisha mtoto wa Drani alipokea komunyo ya kwanza, na katika karamu baba yake alisimama tena kusimulia ile hadithi ya ncha butu, safari hii akiwa ameitia chumvi hadi nikawa karibu mtakatifu. Alfajiri iliyofuata nilipanda baiskeli kwenda Koboko.

Nilimkuta chumba cha nyuma cha duka la kushona, karibu na soko, amekaa kwenye kiti cha kamba kati ya vipande vya vitambaa. Cherehani ilikuwa inalia. Alikuwa amekonda, macho meupe. Nilimpa mkono, akaushika, akapapasa makovu ya mnyororo.

"Fundi. Umekuja na spoki?"

"Nimekuja nazo, Mzee."

Alicheka, akashika magoti. Aliniuliza visiki vikoje, nikamwambia vimeoza, vingine vimechipua tena. Aliuliza Mkongomani yuko wapi. Binti yake alileta chai. Tulikunywa. Kisha akaacha kikombe.

"Na Drani?"

"Yuko. Amempa mwanawe jina langu." Niliweka kikombe changu chini. "Mzee, anasema nilimhurumia. Kila mahali anasema hivyo. Mimi sikumhurumia, Mzee. Nilitaka afe."

"Najua."

"Ulijuaje? Nilikuwa nimeuficha."

"Wewe siku zote nalaza mishale nane. Siku ile saba. Mimi macho iko mbaya, hesabu iko." Alimwita binti yake amletee kopo. Alilimimina juu ya mapaja yake, chuma kikagonga chuma, akaanza kutafuta kwa kidole kile kisicho na kucha. Alipitisha nyingi. Akafika kwenye moja iliyokuwa safi kuliko zote, nikaitambua kabla hajainyanyua. Nta yangu ilikuwa bado imeganda kwenye shina lake.

"Hii pia nilitoa kwa mutu," alisema. "Ila hii nilitoa mapema."

Nililia mbele ya binti yake, na cherehani ikasimama. Dresa aliniacha nilie. Halafu akanitia ncha kwenye kiganja, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Chukua. Peleka kwa mwenyewe. Mimi nimechoka kutunza."

"Mwenyewe ni nani, Mzee?"

"Wewe najua."

Njia ya kurudi ni ndefu na ina vilima, nilifika Manibe jua linaelekea kuzama. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Drani, nikamkuta anachoma mahindi motoni, nikampa ile ncha na nikamweleza, tangu paa la baba hadi kikombe cha maji. Nilisema yote nimesimama. Aliipapasa miiba yake kwa kidole gumba, kwenda na kurudi, kisha mkono wa pili ukaenda wenyewe ubavuni, ukakaa hapo. Mtoto mwenye jina langu alipita na mbuzi, akanisalimu, nikaitikia.

Drani aliitia ncha mfukoni. Aligeuza mahindi, akageuza tena, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa sijala.